Kamera Kifuani, Kamera Jichoni

Constantine, 11 Februari 2018

Ami yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Nakubusu kichwa kutoka mbali, na naomba barua hii ikukute umepona kile kikohozi ulichokitaja kwa maneno mawili tu, kana kwamba ni cha jirani. Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kwa baridi hii, lakini bado anashuka sokoni mwenyewe na kurudi akiwalaumu wauza mboga. Amekutumia jouzia, ile halua ya asali na lozi, imo kwenye kifurushi. Anasema: "Mwambie shemeji asiitafune upande wa kushoto, nayajua meno yake." Kaka Nassim amepata mtoto wa pili, wa kike. Wamempa jina la bibi, Zoubida, na tayari anagomba kama bibi.

Najua ukiona salamu ndefu hivi unajua nyuma yake kuna ombi. Lipo.

Kamera yangu inakufa. Inarekodi kidogo kisha inazima yenyewe, na mara mbili imenizimia bi harusi akiwa katikati ya kubadilisha nguo. Fundi ananishauri ninunue nyingine ya aina ileile, yenye kioo ndani, iliyotumika lakini nzima. Rafiki yangu Sihem anasema zama za kioo zimekwisha, ninunue hizi mpya zisizo na kioo. Kila mmoja ana sababu, nami sielewi hata moja. Wewe umefundisha fizikia maisha yako yote. Nichagulie, Ami.

Nikueleze kazi yenyewe, maana wewe ni mwanamume na hujawahi kuingia upande wetu wa wanawake harusini. Simu zote hukusanywa mlangoni kwenye kikapu. Kamera ni moja tu, yangu. Sherehe ikiisha nampa mama wa bi harusi kadi ya kamera mkononi, sibaki na nakala. Nikishusha kamera kifuani kuanza kurekodi, nusu ya meza zinajifunika na nusu zinanifukuza: "We Loubna, pita mbali! Mume wangu hajui kama nimekata nywele!" Nacheka, napita mbali. Kuaminiwa ndiyo kazi, Ami. Siku nikikosea, nitarudi kushona vifungo na Mama.

Wako,
Loubna


Timimoun, 27 Februari 2018

Binti yangu Loubna,

Wa alaikum salaam. Kikohozi kimeondoka, jouzia imeondoka pia, yote upande wa kulia. Mpe Mama yako pole ya goti. Zoubida mdogo Mungu amkuze; nimefurahi kwamba jina limerudi nyumbani. Hapa upepo umefunga njia ya bustanini kwa mchanga siku kadhaa, tukaifungua kwa koleo, ukaifunga tena. Masikio yangu bado yamegoma. Simu nimeiacha juu ya kabati, maana nikiongea nayo wanaamka majirani na mimi sisikii kitu. Kwa hiyo uniwie radhi kwa barua hizi za kizamani.

Sasa sikiliza, na usinikatize, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo.

Katika kamera yako ya zamani, nyuma ya lenzi, kuna kioo kidogo kilicholazwa mshazari. Nuru inaingia kwa lenzi, inagonga kioo, inapanda juu, inapinda tena ndani ya kipande cha gilasi na kutokea kwenye kitundu unachochungulia. Unachokiona ni nuru ile ile, haikupitia umeme wowote. Ukibofya, kioo kinaruka juu, nuru inafika nyuma kwenye kile kibati kinachochora picha, kisha kioo kinarudi. Ule mlio unaousikia ni wake.

Kwa picha za kawaida, hilo ni jambo zuri sana. Lakini wewe unarekodi video. Katika video nuru lazima ifike nyuma muda wote, basi kioo kinabaki juu muda wote. Kitundu kinakuwa giza. Huna budi kuishika kamera mbali na uso na kutazama skrini ya nyuma. Unaona? Unaporekodi kwa kamera ya kioo, umekwisha kuigeuza kuwa isiyo na kioo, ila kioo chenyewe bado unakibeba. Ni kama mgeni aliyemaliza kula, haongei na haondoki.

Hiyo nyingine imekitoa kioo kabisa. Imekuwa nyembamba na nyepesi, na ndani ya kitundu imewekwa skrini ndogo mno, hivyo unaweza kuchungulia hata unaporekodi. Nyingi pia hujilenga zenyewe vizuri zaidi kwenye video. Hazisogei mbele na nyuma kama mtu anayetafuta miwani. Na lenzi zako za zamani usiziuze: kuna pete ya kuunganishia, utazivalisha humo humo.

Ubaya wake? Inakula betri kwa ulafi, kwa sababu skrini haizimiki. Nunua betri tatu. Katika ukumbi wenye joto nyingine huchemka na kujizima, kwa hiyo kabla ya kulipa iache irekodi mfululizo hapo hapo dukani, na fundi akikunja uso mwache akunje. Ile ya kioo ni rahisi, imara, na betri yake ina subira. Kama ungekuwa unapiga picha tu, ningekwambia ubaki nayo. Lakini kwa video, chukua isiyo na kioo.

Nawe hukusema habari za yule kijana wa Annaba. Sikuulizi. Nimetaja tu.

Ami yako,
Abdelhafid


Constantine, 8 Aprili 2018

Ami mpendwa,

Salamu nyingi. Tuko salama. Nassim amehama, amepata nyumba mji mpya, Mama analia kana kwamba kaenda Brazili. Tumechemsha maua ya waridi mwaka huu, chupa yako ya maji ya waridi imo humu, nimeizungushia soksi.

Nimenunua! Isiyo na kioo. Fundi alikunja uso kweli. Nimeshafanya nayo harusi moja, na nilipoitazama ile video nyumbani nilimwita Mama aje aone. Unazijua gandura zetu, yale magauni ya mahameli yenye nyuzi za dhahabu kifuani? Katika kamera ya zamani zile nyuzi zilikuwa zinatetema kwenye video kama mchwa wanaotembea. Safari hii zimetulia, unaweza kufuata sindano ilikopita. Mama wa bi harusi alinishika mashavu: "Loubna, wewe umenunua macho mapya."

Ila bado naishika kifuani na kutazama skrini ya nyuma, kwa mazoea. Mikono inatetemeka kidogo kwa sababu ni nyepesi.

Kijana wa Annaba yuko Annaba.

Loubna


Timimoun, 24 Aprili 2018

Binti yangu,

Chupa imefika na soksi imefika. Soksi ni moja, sijui nyingine nani anaivaa. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nimemsomea jirani yangu habari za nyuzi za dhahabu, akasema "alhamdulillahi" kwa adabu bila kuelewa hata neno moja.

Lakini kwa nini unaishika kifuani? Umelipia kitundu kinachoona, halafu unakifumba! Ukinyoosha mikono mbele, unakuwa kama mtu aliyebeba sinia la kahawa juu ya ngamia. Bandika kamera jichoni. Hapo inashikwa na mikono miwili na paji la uso, sehemu tatu, na kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbaya. Tena taa za ukumbi hazitamulika skrini yako. Acha mazoea ya kamera iliyokufa. Fanya hivyo harusi ijayo kisha uniandikie.

Ramadhani ni karibu. Mungu atufikishe.

Ami yako


Timimoun, 20 Julai 2018

Loubna binti yangu,

Assalamu alaikum. Ramadhani imepita, Idi imepita, na sina barua yako. Nilimtuma mtoto wa jirani akampigia Mama yako, akarudi na jibu, "Wanasema hawajambo." Katika ukoo wetu, wanaosema hivyo kwa haraka huwa wana jambo.

Pengine ni msimu wa harusi na huna nafasi. Hapa joto limetuingiza ndani kama panya. Nimesoma kidogo kuhusu namna ya kuzuia mistari inayopita kwenye video chini ya taa za ukumbi. Inahusu kasi ya kamera kufumba na kufumbua. Ifananishe na mapigo ya umeme wa taa, basi. Nitakueleza vizuri ukiandika.

Andika hata kama ni salamu tu.

Ami yako


Constantine, 2 Agosti 2018

Ami,

Assalamu alaikum. Hatujambo. Mama anakusalimu. Kamera ni nzuri.

Naomba unijibu swali moja tu, bila mengine. Kamera ya kioo, ya aina niliyokuwa nayo, je, mtu anaweza kuibandika jichoni na kurekodi video huku anaona? Inawezekana hata kidogo?

Loubna


Timimoun, 17 Agosti 2018

Binti yangu,

Haiwezekani. Kioo kikiwa juu, kitundu ni giza tupu. Mtu akiibandika jichoni wakati inarekodi atakuwa anarekodi asichokiona.

Umeniomba nisiongeze mengine. Nimeshika kalamu muda mrefu nikijaribu kukutii. Lakini nimesahihisha mitihani mingi, na najua swali la anayetaka kujua na swali la anayetafuta shahidi. Lako ni la pili. Nani amekushtaki, mwanangu?

Ami yako


Constantine, 1 Septemba 2018

Ami yangu,

Naanza na salamu kwa sababu ulinilea hivyo. Mama hajambo, goti limetulia kwa joto. Zoubida amekaa mwenyewe.

Nilifanya harusi mwanzoni mwa Julai na kamera ikiwa jichoni. Ilikuwa kama ulivyosema, haikuyumba. Bi harusi alikaa kwenye kiti chake amevaa ile gandura ya zambarau, nami nikarekodi kwa utulivu, mbele yake na nyuma yake. Nyuma yake wanawake walikuwa wanacheza. Hakuna aliyejifunika, hakuna aliyenifukuza. Nikawaza, leo wamechangamka. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Kati yao alikuwa Zhor. Ni mjane, anaishi na binti zake wawili kwa wakwe zake, kwa Hadj Tayeb muuza ngozi. Tangu mumewe afe hakuwahi kucheza popote. Siku hiyo bi harusi alikuwa mtoto wa dada yake, wanawake wakamvuta mikono, akafungua nywele akacheza. Ami, alicheza vizuri sana.

Kadi nilimpa mama wa bi harusi kama kawaida. Kipande kikatoka, kikaingia kwenye simu ya dada wa bwana harusi, kikazunguka, kikafika kwa shemeji yake Zhor. Hadj Tayeb akaacha kuongea naye. Kinachomuuma si kwamba alicheza, upande wa wanawake kila mtu hucheza. Kinachomuuma ni kwamba alicheza mbele ya kamera huku anaiona. Na kwenye video ni kweli, anaitazama kabisa, anatabasamu.

Alikuja kwetu. Mama akamwambia, "Kaa, binti yangu, kahawa iko tayari." Hakukaa.

"Loubna, niambie kitu kimoja. Ulikuwa unapiga picha au unarekodi?"

"Nilikuwa narekodi."

"Lakini kamera ilikuwa jichoni."

"Ndiyo."

"Miaka yote ikiwa jichoni ni picha. Bi harusi anapigwa picha, sisi wa nyuma tunaendelea. Ukiishusha kifuani ndiyo video, ndiyo tunajifunika. Si ndivyo?"

"Ndivyo, dada."

"Basi sina wazimu," akasema. "Nilikuwa nimeanza kudhani nina wazimu." Akaondoka, kahawa ikapoa.

Unaelewa, Ami? Hakuna aliyewahi kuwafundisha. Kamera yangu ya kwanza na kamera za wenzangu wote zilikuwa za kioo, nasi sote tulirekodi kifuani kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Wanawake wakajifunza kutusoma. Mimi nikabadilisha kamera, sikumwambia mtu.

Nilitaka kuandika tangu siku ile. Sikuandika kwa sababu najua ungekimbilia kuibeba lawama wewe, na mimi sikutaka kukupa.

Familia tatu zimenifuta. Kumbini wanasema, "Loubna siku hizi anaiba watu." Mwenye ukumbi wa Sidi Mabrouk, ananipenda, ameniita pembeni: "We sema mama wa bi harusi ndiye aliyeisambaza, yaishe. Si uongo." Na si uongo. Lakini nikisema hivyo tu, mimi ninasafika na Zhor anabaki mwanamke aliyejionyesha. Nikisema yote, Zhor anasafika na mimi ndiye mpiga picha aliyewarekodi watu wasijue. Nani atanifungulia mlango tena?

Nimeamua kwenda kwa Hadj Tayeb. Lakini nikianza kumweleza vioo na nuru nitaonekana natunga. Yeye ni mtu wa kusoma, anaheshimu walimu. Mwandikie, Ami. Mwandikie kwa urefu wako wote. Sitakukatiza.

Loubna


Timimoun, 14 Septemba 2018

Binti yangu,

Wa alaikum salaam. Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kumwagilia mitende iliyokwisha kumwagiliwa.

Umekataa nibebe lawama. Sawa, sitaibeba yote. Lakini sehemu yangu niachie, kwa sababu "bandika kamera jichoni" ni maneno yangu, na yapo kwa mwandiko wangu. Nilikueleza nuru inavyopita ndani ya kamera hatua kwa hatua. Sikuuliza hata mara moja wanaokaa mbele yake wanaiona vipi. Nawe ulikuwa umenieleza katika barua ya kwanza kabisa. Nilisoma, nikacheka kwa yule aliyekata nywele, nikageuza ukurasa.

Barua ya Hadj Tayeb imo humu, sikuifunga. Isome kwanza, kisha uamue. Ni kurasa sita, nimejizuia. Nimechora kioo kinapokaa na kinaporuka. Mwishoni nimemwandikia hivi: "Mheshimiwa Hadj, mkweo alitazama kamera iliyowekwa mahali ambapo, kwa kamera za kioo alizozizoea, mpiga picha hawezi kurekodi huku anaona. Hakuna mwanamke katika ukumbi ule aliyekuwa na njia ya kujua. Aliyejua kwamba inawezekana ni mimi, niliye mbali, na niliona fahari kumfundisha binti yangu. Usiniamini kwa maneno. Zichukue kamera zote mbili mkononi, uchungulie."

Kwa hiyo nenda nazo zote mbili. Ile ya zamani ina uhai wa kutosha kuwasha. Mama yako aende nawe. Usiongee sana, mwache aone giza mwenyewe.

Kuhusu milango ya kumbi sina la kukuahidi. Ukiona bora kurudi kwenye kamera ya kioo, sitasema neno juu ya nyuzi za dhahabu.

Ami yako


Constantine, 20 Oktoba 2018

Ami yangu mpendwa,

Assalamu alaikum, nakubusu kichwa mara mbili, moja ya Mama. Komamanga zimeiva, nakutumia kwa lori la binamu yake Sihem, usimlipe, amekwisha kulipwa. Nassim anakuja kukuona wakati wa likizo na watoto wote wawili, kwa hiyo ficha vitabu vyako.

Tulikwenda. Hadj Tayeb alitupokea sebuleni na mkewe, Lalla Fettouma. Alivaa miwani akasoma barua yako yote, kisha akaanza upya. Akamuuliza Mama, "Huyu shemeji yako ni mwalimu au ni kamusi?" Mama akasema, "Hadj, na hapo amejizuia."

Nikawasha kamera ya zamani, nikaiweka kwenye video, nikampa. Akaibandika jichoni. Akazungusha kichwa huku na huku.

"Giza," akasema.

"Ndiyo, Baba. Na hapo inarekodi."

Nikampa mpya. Akaibandika jichoni, akamgeukia mkewe, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nakuona, Fettouma."

"Miaka yote hii, ndiyo unaniona leo?" Lalla Fettouma akasema, na hakucheka, wala Hadj hakucheka.

Akaishusha kamera polepole. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akainuka mwenyewe, Ami, mzee yule na fimbo yake, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha Zhor. Hakuingia. Tulimsikia anasema, "Zhor. Hukuijua."

Haikuwa swali. Zhor akajibu kutoka ndani, "Sikuijua, Baba."

"Basi," akasema. Kisha akamwita mwanawe, yule shemeji wa Zhor, akamfanya afute kile kipande mbele ya macho yake. Simu za wengine hatuwezi kuzifikia. Najua hilo, na Zhor anajua.

Nilisema yote, katika kila ukumbi ulioniruhusu kuingia. Wengine walinijibu, "Ahsante kwa kutuambia," wakafunga mlango. Nimeshona vifungo vingi mwezi uliopita. Mama alinisogezea tu sanduku la nyuzi.

Wiki jana ndugu mmoja wa Zhor alikuwa na usiku wa hina. Zhor ndiye aliyewaambia waniite. Nilifika na kamera mpya, nikasimama katikati kabla ya kuitoa kwenye mfuko, nikaanza kueleza kama wewe, nuru, kioo, kitundu. Wanawake wakaanza kunong'ona. Zhor akasimama mezani kwake.

"Jamani, fupi," akasema. "Huyu akiwa na kamera mkononi, popote alipoiweka, jichoni, kifuani, kichwani, anarekodi. Mnaotaka kucheza bila kurekodiwa mkae nyuma yake. Yeye atatazama mbele tu. Loubna, utatazama mbele?"

"Nitatazama mbele."

"Haya."

Bi harusi akaletwa, hina ikaanza kupakwa kiganjani. Nilibandika kamera jichoni na kuitazama ile hina. Ngoma za bendiri zikaanza kupigwa. Nikasikia viti vinasogezwa, kimoja baada ya kingine, vinatoka mbele yangu kwenda nyuma yangu, kisha vigelegele, kisha sauti ya mtu anasema, "Nywele, Zhor, fungua nywele!" Sakafu ikaanza kutikisika miguuni pangu.

Sikugeuka, Ami.

Wako,
Loubna